Taa za ziada kwenye Hilux ya zamani: kuchomekea, swichi au rilei?

Shemeji yangu ana Hilux ya dizeli ya mwaka 1992. Anapakia dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, na kuwapeleka Kasulu, na mara nyingi anaondoka saa tisa usiku ili soko likichangamka yeye awe ameshafika. Juzi alikuja nyumbani Mwanga na mfuko mkononi: taa mbili za duara za wati 55 kila moja, waya mwekundu wa umeme wa nyumba, swichi ndogo ya kubofya na tepu nyeusi.

"Shemeji, taa zangu hazioni mbali tena. Nisaidie tuzichomekee hizi kwenye waya wa taa kubwa. Kazi ya nusu saa tu."

"Tutafanya kazi shemeji, ila si hiyo. Kaa kwanza tunywe chai."

Chai ilituchukua mpaka magharibi, kwa sababu alichouliza ndicho anachojiuliza kila mwenye gari la zamani anayetaka kuongeza kitu mwenyewe. Nichomekee kwenye waya uliopo? Nivute waya mpya kupitia swichi? Au nifunge rilei, yaani swichi inayotumia umeme mdogo kuwasha mkubwa? Njia zote tatu zinawasha taa siku ya kwanza. Utazitofautisha miezi mitatu baadaye, usiku, mvua inanyesha, umeshapita njia panda ya Kidahwe na mbele hakuna nyumba yenye mwanga.

Kwanza hesabu ya ampea

Hakuna njia moja inayofaa kila kifaa, kwa hiyo ujue kwanza kifaa chako kinakula kiasi gani. Gawanya wati kwa volti. Zile taa mbili za shemeji ni wati 110. Gawanya kwa 12, unapata ampea 9 na kidogo. Taa ya LED ya wati 36 inakula ampea 3. Chaja ya simu ya kawaida haifiki 2. Ukikuta betri mbili zimeunganishwa kwa kufuatana, gari lako huenda ni la volti 24, kama zilivyo Dyna na Canter nyingi na baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani. Pima kabla hujanunua chochote, maana balbu na rilei vyote vitatakiwa kuwa vya 24.

Mimi ninagawa hivi: kifaa cha chini ya ampea 2, chomekea. Cha 2 hadi 5, swichi yenye fyuzi yake. Kinachozidi 5, rilei. Kwenye gari jipya ningeweza kulegeza kidogo. Kwenye gari lenye miaka thelathini silegezi, kwa kuwa ile swichi ya taa kwenye usukani imewashwa na kuzimwa maelfu ya mara na vidole vyake vya shaba vimeungua kidogo kidogo kila mara.

Kuchomekea kwenye waya uliopo

Faida yake ni wazi: huhitaji kupitisha waya kwenye ukuta wa injini, unatumia waya mfupi, na kazi inaisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Kwa chaja ya simu, taa ndogo ya ndani au king'ora kidogo cha rivasi, ndiyo njia ninayoitumia hata mimi. Chukua umeme kwenye waya ambao tayari una fyuzi na haujaelemewa, kwa mfano wa kiwashia sigara.

Kwa taa za mbele habari ni nyingine. Taa kubwa za Hilux ya shemeji ni balbu za H4, wati 60 kila moja zikiwa juu. Mbili ni 120, yaani ampea 10 tayari zinapita kwenye waya na swichi ya kiwandani. Ongeza 9 zake. Waya uliowekwa kwa ajili ya 10 sasa unabeba 19, na fyuzi itakatika usiku wa kwanza. Hapo ndipo madhara yanapoanzia, kwa sababu dereva aliyesimama porini haendi kuziondoa taa alizoongeza. Anaweka fyuzi kubwa zaidi, au anaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi haikatiki tena, na kinachopata moto sasa ni waya wenyewe.

Kabla ya kumkatalia shemeji nilichukua mita ya umeme tukaenda kupima, maana maneno matupu hayamtoshi mtu aliyekwisha kununua taa. Injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa juu, tulipima kwenye vichwa vya betri tukapata volti 13.9. Tukaenda nyuma ya taa ya kulia, ncha za mita zikiwa zimedungwa kwenye soketi balbu ikiwa inawaka: 11.8. Volti mbili na ushee zimepotea njiani, kwenye swichi, kwenye soketi zilizochakaa na kwenye waya mwembamba uliozunguka mpaka dashibodi na kurudi.

Volti mbili si kitu kidogo. Balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30. Ndiyo maana taa za gari la zamani zinakuwa za njano kama kibatari hata ukiweka balbu mpya. Nikamwonyesha shemeji namba kwenye mita, akanyamaza. Balbu zake hazikuwa na ubaya wowote. Njia ya umeme ndiyo iliyochoka, na yeye alikuja kuiongezea mzigo.

Kama ni lazima uchomekee, jiepushe na vile vibano vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya. Vinakata baadhi ya nyuzi na kuacha kidonda wazi. Huku kwetu, masika yakianza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, unyevu unaingia kwenye kile kidonda na shaba inakuwa ya kijani.

Waya mpya kupitia swichi

Njia ya pili ni kuvuta waya wako mwenyewe kutoka betri, uingie ndani mpaka kwenye swichi, utoke tena uende kwenye taa. Hapa hugusi waya za kiwandani, na hilo ni jema. Kwa taa ya LED ya ampea 3 njia hii inatosha kabisa, na yeyote anayekwambia huwezi kuwasha LED moja bila rilei anakugharimu bure.

Kwa taa za halojeni ina kasoro mbili. Ya kwanza ni urefu: kutoka betri mpaka dashibodi na kurudi mbele unaweza kufika mita 5, na kila mita inakula volti. Mita 5 za waya wa milimita 1 ya mraba zikibeba ampea 9 zinapoteza volti 0.8. Zikiwa za 2.5, upotevu ni 0.3. Ya pili ni swichi yenyewe. Swichi nyingi za bei ndogo zimeandikwa ampea 6 kwa volti 250, lakini hizo ni za umeme wa nyumbani. Umeme wa betri haupungui wala kugeuka, kwa hiyo cheche ikiruka kati ya vidole vya swichi inachukua muda kuzimika. Mwezi mmoja, miwili, swichi inapata moto, plastiki inalainika, siku moja inagandia ikiwa imewaka.

Njia hii ninaijua kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilifunga taa mbili za kuonea mbali kwenye pikapu yangu kwa waya wa nyumba, nikaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini bila raba ya kuukinga na bila fyuzi popote. Taa ziliwaka vizuri msimu mzima. Barabara ya Uvinza wakati huo ilikuwa ya mashimo na vumbi, na kila mtikisiko ulikuwa unasugua ule waya kwenye ukingo wa bati. Usiku mmoja nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi, miguuni mwa mke wangu. Nilisimama, nikafungua boneti. Waya ule ulikuwa mwekundu kama koili ya jiko la umeme, na ulikuwa umefungwa pamoja na waya zingine zote. Kuzima swichi hakukusaidia, kwa sababu mguso ulikuwa kabla ya swichi. Spana namba 10 ilikuwa chini ya siti, nyuma ya magunia. Mpaka nilipoipata na kulegeza kichwa cha betri, furushi zima la waya lilikuwa limeyeyuka na kushikana, na kiganja changu kilikuwa na malengelenge. Mke wangu alikuwa ameshuka na mtoto mgongoni, amesimama upande wa pili wa barabara gizani. Ile picha yake sijaisahau, na ndiyo inayonifanya niseme haya kwa kila anayenisikiliza.

Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja. Ndivyo inavyoweza kuzungusha stata. Waya mwembamba ukigusa bodi unapewa nguvu hiyo yote. Kwa hiyo, swichi au rilei, fyuzi ikae mwanzoni kabisa, isizidi shubiri moja kutoka kichwa cha betri. Ukiiweka karibu na taa umelinda kipande cha mwisho tu. Na ukubwa wake uchaguliwe kwa uwezo wa waya, maana kazi yake ni kuulinda waya. Kwa zile ampea 9 kwenye waya wa 2.5, fyuzi ya 15 inatosha: ile ya bluu. Nyekundu ni 10, njano ni 20, kijani ni 30.

Rilei

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Ndani yake mna koili inayokula chini ya robo ampea. Ukibofya swichi, koili inageuka sumaku, inavuta kibati, unasikia "tap", na umeme unatoka betri moja kwa moja kwenda kwenye taa bila kuingia ndani ya gari. Swichi ya zamani inapumzika, waya mnene unakuwa mfupi, na hata swichi ndogo ya kubofya aliyonunua shemeji inafaa kwa kazi hii.

Igeuze rilei uangalie miguu yake, imeandikwa namba. 30 ni umeme kutoka betri ukishapita kwenye fyuzi. 87 ni kwenda kwenye taa. 85 na 86 ni koili: mmoja unatoka kwenye swichi, mwingine unakwenda ethi, yaani kwenye bodi. Ikiwa na mguu wa tano katikati, 87a, huo una umeme rilei ikiwa imezimwa. Uache wazi, na uhakikishe haugusi kitu. Funga rilei miguu ikiangalia chini, mahali pasiporushiwa maji na tairi. Ikiangalia juu inakuwa kikombe cha kukinga mvua.

Gharama yake ni rilei yenyewe, soketi na waya kidogo zaidi. Kazi inachukua nusu siku badala ya saa moja. Kwa taa yoyote ya halojeni ninaona ni bei halali, na ningeishauri hata kwa mtu ambaye hataki kuongeza taa, bali anataka zile za kiwandani ziwake kama zamani. Hilo ndilo tulilokubaliana kwa Hilux: rilei mbili kwa taa kubwa zake mwenyewe, moja ya chini na moja ya juu.

Lakini kuna mtego kwenye Toyota, na umewachosha wengi wanaofuata michoro bila kupima. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, swichi ya taa kubwa haikati chanya. Inakata ethi. Balbu inapata chanya yake kwa mguu wa pamoja mara unapowasha taa, na swichi ya usukani inachagua tu uzi upi wa balbu, wa juu au wa chini, urudi kwenye bodi. Mchoro wa kawaida unakwambia mguu wa 85 uende bodi na 86 ushike waya unaotoka kwenye swichi. Ukifanya hivyo hapa, rilei haitasema "tap" hata ukeshe.

Namna ya kujua: washa taa, chomoa soketi kwenye balbu, bana testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, kwenye bodi, kisha gusa matundu matatu ya soketi moja moja huku mwenzako akibadilisha juu na chini. Kama umeme unahama kutoka tundu moja kwenda jingine, gari lako linakata chanya, fuata mchoro wa kawaida. Kama tundu moja lina umeme muda wote na mengine mawili hayana kitu, gari lako linakata ethi. Hapo koili ya kila rilei inakaa katikati: mguu mmoja kwenye lile tundu lenye umeme, mguu wa pili kwenye tundu la chini kwa rilei ya chini, au tundu la juu kwa rilei ya juu. Soketi ya zamani inabaki kuwa ya kutoa amri tu. Taa zinapata soketi mpya, na mguu wa pamoja wa balbu sasa unakwenda bodi.

Umeme unarudi wapi?

Mzee mmoja wa Ujiji aliyenifundisha kazi hii alikuwa akikuta kijana ameinama kwenye boksi la fyuzi anamwondoa hapo. "Ethi kwanza, mwanangu. Mengine baadaye." Nimekuja kuona kwamba nusu ya magonjwa ya umeme kwenye magari yetu ya zamani ni ethi mbovu, na hakuna njia kati ya zile tatu inayoweza kuitibu.

Hilux ya shemeji ilikuwa na mfano wake nyuma. Siku asizopakia dagaa wakavu anabeba migebuka na barafu, na maji ya samaki yanachuruzika kwenye bodi, yanashuka mpaka pale ethi ya taa za nyuma ilipofungwa kwa skrubu moja. Dalili alikuwa nayo muda mrefu: akikanyaga breki huku indiketa inapepesa, taa ndogo zote za upande ule zinapepesa pamoja nayo. Alikuwa ameshabadilisha balbu mara tatu. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapenya kwenye uzi wa balbu ya jirani kutafuta njia nyingine.

Tulipima. Mita kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, nyekundu kwenye bati la taa, taa zikiwa zinawaka. Ikisoma 0.1 au 0.2, ethi ni nzima. Yake ilisoma 1.6. Tukafungua skrubu, chini yake kulikuwa na unga wa kutu wa rangi ya chai, na kile kijipete cha waya kilikuwa kimebaki nusu. Msasa mpaka bati liwe jeupe, kipete kipya, boliti badala ya skrubu, na mafuta ya mgando juu baada ya kukaza. Mita ikasoma 0.1. Indiketa ikatulia.

Kwa taa za mbele una hiari mbili: kufunga ethi kwenye bodi karibu na taa, au kurudisha waya mweusi mpaka hasi ya betri. Fundi wengi wanachagua bodi kwa kuwa inaokoa waya, na kwenye gari lenye bati zima ni sawa. Kwenye gari lililopigwa rangi mara mbili tatu, au lenye kutu kwenye viungo vya bati, mimi ninarudisha waya betri. Angalia pia ule mkanda wa shaba kati ya injini na bodi. Ukikatika, umeme wa stata unarudi kwa njia yoyote ya chuma inayopatikana, na nimewahi kushika waya wa akseleta uliokuwa wa moto kwa sababu hiyo.

Waya wa nyumba, wa spika, au wa mtumba?

Waya mwekundu wa shemeji ulikuwa shaba halisi, unene wa kutosha, lakini wa roho moja ngumu. Ukutani haumsumbui mtu. Kwenye gari la dizeli linalotetemeka siku nzima, roho moja inachoka na kukatika ndani ya ganda lake, na wewe unaona waya mzima. Gari linataka waya wa nyuzi nyingi laini.

Waya wa spika unaouzwa kwa mita una nyuzi nyingi, ila mwingi wake ni alumini iliyopakwa shaba. Uparue kwa wembe: ukiona weupe ndani, uache. Au choma ncha kwa kiberiti cha gesi; shaba inageuka nyekundu na kubaki, alumini inasinyaa na kuvunjika. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na haishiki lehemu.

Ninachokipenda kuliko vyote ni furushi la waya la Toyota iliyochinjwa. Ni waya wa gari hasa, wenye ganda linalovumilia mafuta na joto, na una rangi zinazokusaidia kesho. Kwenye Toyota, mweupe wenye mstari mweusi ni ethi. Menya ncha kabla ya kulipa: shaba iwe inang'aa. Ikiwa nyeusi ndani hata baada ya kukata shubiri nzima, maji yameshapanda humo.

Wenye Land Rover za Series, kwenu rangi ni nyingine: ethi ni mweusi, na wa kahawia unatoka betri bila kupita kwenye fyuzi, usiuguse kabla hujafungua betri. Fyuzi ya kioo ya kampuni ya Lucas iliyoandikwa 35 inakatika kwenye 35 lakini inatakiwa kubeba kama 17 tu kwa muda mrefu, kwa hiyo msiibadilishe na fyuzi ya kisasa ya 35. Zile za kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 nyingi zina chanya kwenye bodi. Humo redio au LED ya kawaida ikifungwa kwa mazoea inaungua.

Kusokota, kulehemu au kubania

Kusokota na kuzungushia tepu ninakuruhusu kwa sababu moja: umekwama njiani na unataka kufika nyumbani. Joto la injini linayeyusha gundi ya tepu, vumbi linaingia, na kiungo kinaanza kupata moto.

Kulehemu kunapitisha umeme vizuri kuliko vyote, lakini kuna jambo la kuangalia. Risasi ya kulehemu inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatikia kwa mtetemo. Ukilehemu, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, kisha funga waya pande zote mbili usicheze. Tumia risasi ya mafundi redio yenye dawa ndani yake. Dawa ya tindikali ya kulehemu mabati inakula shaba.

Kubania kwa terminali, vile vichwa vya bati vyenye ganda la rangi, ndiko ninakokupa alama za juu kwa anayeanza, kwa sharti kwamba una koleo lake. Plaisi ya kawaida inaiponda terminali bila kuishika. Nyekundu ni kwa waya hadi 1.5, bluu hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Ukimaliza, vuta kwa nguvu. Ikichomoka, irudie.

Ufanye mwenyewe au umpe fundi?

Dizeli ya zamani isiyo na kompyuta inakuvumilia unapojifunza. Kama hasi ndiyo iliyo kwenye bodi, fungua hasi ya betri kwanza, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna kitakachotokea. Ikigusa wakati unafungua chanya utaona radi. Usifungue betri injini ikiwa inawaka, utaua alternata. Gari la petroli lenye kompyuta usiliguse kwa testa ya balbu karibu na waya za kompyuta, tumia mita. Na alternata yenyewe, swichi ya ufunguo na furushi lililokwisha kuungua, mpe fundi wa umeme wa magari. Ila kaa pembeni uangalie, umuulize fyuzi ameiweka wapi.

Kazi ya shemeji tuliifanya Jumamosi, tukaanza saa mbili asubuhi tukamaliza alasiri. Rilei mbili, waya wa 2.5 kutoka kwenye furushi la mtumba, fyuzi ya 20 shubiri moja kutoka betri, raba kwenye kila tundu la bati. Jioni tukapima tena nyuma ya taa ya kulia, injini ikiwaka: 13.4. Kwa ile 11.8 ya mwanzo alikuwa anakosa theluthi moja ya mwanga ambao balbu zilezile zinautoa sasa. Usiku huohuo alikwenda Kasulu, na asubuhi akanipigia simu akiwa sokoni.

"Shemeji, nimemwona ng'ombe kabla hajanifikia."

Zile taa mbili za duara bado ziko kwenye mfuko wake, nyuma ya siti. Anasema atazifunga mvua zikianza, na ameshanunua rilei ya tatu.